Ndafu wa harusi ya mdogo wangu kapotelea stoo Tarakea, wakwe wanadai. Nani alipe?

#1 Katibu wa Kamati
Wakuu, habari. Naandika kwa urefu maana nimechoka kusimulia kwa simu, kila ndugu anataka aanziwe mwanzo.

Mdogo wangu kaoa Jumamosi ya tarehe 28 Desemba 2024, nyumbani Tarakea, Rombo. Binti ni Mpare wa Suji, wilaya ya Same. Ndoa ilipangwa saa 5 asubuhi, ikafungwa saa 8 mchana, kwa sababu padre alikuwa na ndoa nyingine mbili mbele yetu, na ile ya katikati pete ya bwana harusi ilisahaulika Moshi mjini. Hilo tulisamehe. Wiki ile kila Mchaga yuko nyumbani na kila mwenye mchumba anaoa.

Ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma anayekabidhiwa wakwe, alikuwa mmoja. Beberu mwekundu, nilimnunua mwenyewe kwa 220,000, akachomwa nyuma ya ukumbi kuanzia saa 6. Saa 1 usiku alikuwa tayari, kasimamishwa kwenye meza ya magurudumu, majani mdomoni, na msimamizi wa bwana harusi akamvalisha miwani yake ya jua. MC akataka aingizwe. Baba akakataa. Anayepaswa kupokea ni mjomba wa binti, na mjomba hajafika. Upande ule wa mama mkwe ni Wasabato, na walituambia tangu kikao cha kwanza kwamba hawatapanda gari mpaka jua lizame. Basi ndafu akawekwa stoo, mlinzi akawekwa mlangoni.

Saa 2 na nusu umeme ukakatika. Jenereta lilikuwepo, mafuta hayakuwepo. Hela ya mafuta ilikuwemo kwenye bajeti na ilitoka, ila shemeji aliyekabidhiwa alikuwa amekwenda mjini Mkuu kufuata keki. Tulikaa gizani karibu saa nzima na watu zaidi ya 400. Kadi tulitoa 250.

Mjomba kaingia saa 4 kasoro na Kosta nzima. Matarumbeta yakapigwa, baba kavaa kofia yake, mlango wa stoo ukafunguliwa. Meza ipo. Majani yapo chini. Ndafu hayupo.

Mjomba hakugusa chakula. Saa 6 wakaondoka wote. Sasa mshenga kaleta ujumbe kwamba wanadai mbuzi wawili, mmoja wa ndafu na mmoja wa aibu. Baba anasema halipi hata kwato. Kamati ina deni la viti na turubai.

Nataka kujua mawili tu: huyu mnyama alikwenda wapi, na nani anapaswa kulipa?

#2 Mla Kisusio
Nimekaa hapa mbele kabisa. Mwenye kata ya pombe ya mbege aizungushe huku.

#3 Kijana wa Mamsera
Uzi wa ndafu bila picha ya ndafu? Hii chai, tena haina sukari.

#4 Mtani Namba Moja
Mleta mada, unahangaika bure. Wapare na Wachaga ni watani. Ukiwakaribisha watani na ukaweka kitu gizani bila kukishika mkono, ulitegemea nini? Kwa utani wa zamani mtani anachukua kitu, anakificha, unatoa chochote cha kumpoza, kitu kinarudi. Tatizo lenu hamkuwapoza, mkaanza kulia. Hadi leo wanawasubiri mseme.

#5 Katibu wa Kamati
Mtani Namba Moja, hilo tulilifikiria usiku uleule. Lakini utani una kanuni, mtu anachukua halafu anajitangaza. Hakuna aliyejitangaza. Na watani wenyewe waliofika mapema walikuwa kumi na moja, wazee watupu.

#3, picha ninazo, ila wapo watoto wa watu ndani yake. Siweki.

#6 Mwenye Dhamana
Mimi nasema ndoa yenyewe haijakamilika. Kwa mila, kama wakwe hawajapokea, binti bado ni wa kwao. Someni Sheria ya Ndoa ya 1977.

#7 Mwalimu Mstaafu
1977 ni Katiba. Sheria ya Ndoa ni ya 1971.

#8 Wakili wa Kijiwe
Asante Mwalimu. Naongezea: kifungu cha 41 cha sheria hiyo kinasema ndoa iliyotimiza masharti yake mengine ni halali hata kama mila ya mahari au ya kupeana zawadi haikufuatwa. Kilichotakiwa ni hiari ya wawili, taarifa ya siku 21, mfungishaji anayeruhusiwa, na mashahidi wawili. Ndafu hamo. Bibi na bwana harusi walale usingizi.

Kuhusu deni: yule aliyekabidhiwa kitu akilinde ndiye wa kuulizwa kwanza. Mlinzi wa stoo alikuwa nani?

#9 Katibu wa Kamati
Binamu yetu. Anasema hakuondoka mlangoni.

#10 Mla Kisusio
Binamu alikuwa anakunywa nini?

#11 Katibu wa Kamati
Tusifike huko.

#12 Mla Kisusio
Tumeshafika.

#13 Mama Pilau
Jamani mimi napika harusi Marangu, Himo na Moshi, niwaambie jambo ambalo wapishi hawawaambii. Mmetoa kadi 250. Kadi ya wawili inakuja na watoto watatu. Kila gari lina dereva na kila dereva anakula. Ongeza wapiga picha, wapiga matarumbeta na utingo, wapambaji, majirani waliopisha magari uani kwao, na wale vijana wanaosaidia kubeba kreti ambao hakuna aliyewaita. Sahani 250 zinaisha kabla meza ya nyuma haijasimama.

Sasa wewe ni mpishi. Umeme umekatika. Pilau lipo chini ya sufuria, nyama imekwisha, meza kumi hazijala na kuna wazee wanagonga sahani. Stoo kuna beberu kaiva. Beberu wa kilo 30 akiwa hai, ukimchuna na kumchoma unabaki na kilo kumi na ushee. Ukikata vipande vidogo vya kuzuga, unafunika sahani 60 mpaka 70. Dakika kumi na tano, mapanga mawili.

Najua kwa sababu nimewahi kufanya. Sikuiba, mwenyekiti wa kamati mwenyewe alinong'ona "okoa jahazi mama". Kesho yake yuleyule mwenyekiti akasema hanijui. Wewe Katibu kaulize meza za nyuma walikula nini saa 3 usiku.

#14 Katibu wa Kamati
Mama Pilau, umenifanya nipige simu usiku huu. Meza za nyuma wamegawanyika. Shangazi anasema walikula pilau na kachumbari tupu. Mzee mmoja jirani anasema alipata nyama "laini ya kuchoma", lakini mzee huyo pia anakumbuka alicheza na bibi harusi, na hakucheza.

Na mifupa je? Kichwa je? Asubuhi tulizoa uchafu wote kwa toroli, hakuna kichwa.

#15 Mama Pilau
Kichwa ni supu ya wapishi. Hakifiki asubuhi hata siku moja.

#16 Dereva wa Kosta
Nimeletewa huu uzi na kondakta wangu. Mimi ndiye niliyewaleta wale wageni kutoka Same. Naomba kurekebisha.

Kwanza hatukufika saa 4 kasoro. Niliwapokea Same, tukapita Mwanga, Himo, tukapanda Mwika na Mkuu. Tuliegesha nje ya ukumbi saa 3 na dakika 10, nina uhakika kwa sababu nilimpigia mke wangu. Tukakaa nje. Kiza, mvua ya manyunyu, baridi ya Tarakea mnaijua, watu hawana makoti. Hakuna aliyetoka kutupokea. Mjomba akasema yeye haingii kwenye nyumba ya mkwe kama mwizi, mpaka apokelewe. Tukakaa dakika arobaini.

Kwa hiyo kosa la kwanza si ndafu.

#17 Kijana wa Mamsera
Eeeh! Uzi umegeuka.

#18 Mtani Namba Moja
Wapare thelathini nje ya mlango wa stoo, dakika arobaini, giza. Mimi nimemaliza kesi.

#19 Katibu wa Kamati
Dereva, heshima kwako, lakini mtu akikaa baridini dakika kumi anaona arobaini. Mimi nilitoka nje mara mbili sikuona Kosta.

Na mlango wa stoo unatazama jikoni, hautazami barabarani.

#20 Dereva wa Kosta
Ulitoka mlango upi? Tulikuwa upande wa mgomba mkubwa, chini. Wewe ndiye uliyekuwa na shati jeupe unazungumza na simu, unasema "mafuta, mafuta"? Nilikupigia honi.

#21 Katibu wa Kamati
Nilidhani honi ni ya harusi ya pili.

#22 Mla Kisusio
Kumbe kulikuwa na harusi ya pili. Mnatupa habari kwa kijiko.

#23 Binti wa Suji
Salaam. Mimi ni wa upande wa bibi harusi, nilikuwemo kwenye hiyo Kosta. Nimesoma yote nikiwa nimeshika kichwa.

Wanaotucheka kwa ajili ya Sabato: inaanza jua linapozama Ijumaa na kuisha jua linapozama Jumamosi. Desemba huku kwetu ni saa 12 na nusu na kitu. Hili si siri, Usabato umekuwepo Upare Kusini tangu enzi za Wajerumani. Kamati ilijua, ikachagua Jumamosi kwa sababu Jumapili ukumbi ulikuwa umeshikwa.

La pili. Mjomba hakudai mbuzi wawili. Nilikuwepo aliposema. Alisema: "Wanipe mbuzi wangu mmoja, na mtu mzima aje aseme neno." Huyo wa pili ameongezwa njiani. Kati ya Suji na Tarakea yuko mtu mmoja tu anayebeba maneno.

La tatu. Kuhusu kisusio, ile supu ya damu mliyotuwekea mezani kwa heshima, sisi damu hatuli. Shangazi yangu alidhani ni mchuzi, akanywa vijiko viwili. Bado hajapona moyoni.

#24 Mla Kisusio
Kwa jina langu hili naomba radhi kwa shangazi.

#25 Mtani Namba Moja
Mshenga!! Mshenga ndiye aliyekula!

#26 Wakili wa Kijiwe
Taratibu. Binti wa Suji hajasema mshenga alikula, amesema mshenga aliongeza. Hayo ni makosa mawili tofauti.

Binti, swali moja: wazee wako hawakuweza kuja Ijumaa mchana wakalala Moshi?

#27 Binti wa Suji
Wangelala kwa gharama ya nani? Liliulizwa hilo kikaoni. Tuliambiwa bajeti ya malazi ni ya "wageni rasmi". Mjomba wa bibi harusi akawa si mgeni rasmi. Diwani akawa.

#28 Mzee wa Kihamba
Hapo ndipo pa kukaa.

Vijana mnatafuta nyama, mimi natafuta mtu. Zamani Uchagani hatukuwa na huyu mbuzi wa kusukumwa kwenye magurudumu kavaa miwani. Babu yangu alioza mabinti watano, nyama iligawiwa kihambani kwa viungo, kila ndugu na kiungo chake, na ukimpa mtu kiungo kisicho chake umemtukana hadharani. Mjomba ana chake, hakichukui mwingine. Kwa hiyo ndafu ni yule mgao wa zamani uliokusanywa ukawekwa kwenye mnyama mmoja, ili watu wa mjini wapige picha. Akipotea yeye, kimepotea kiungo cha kila mtu, ndiyo maana mzee yule hakula.

Lakini kama Dereva anasema kweli, mjomba alishakosewa kabla stoo haijafunguliwa. Hata angepewa ndafu watatu asingekula vizuri.

Ushauri: mtu mzima aende Suji, si kijana. Ashike sale mkononi. Kwetu ukiletewa jani la sale hukatai msamaha, hata kama una kisasi cha damu. Aende na mbuzi mmoja hai na debe la mbege.

#29 Binti wa Suji
Babu, asante. Ila mbege kwa Wasabato?

#30 Mzee wa Kihamba
Basi asali.

#31 Mwalimu Mstaafu
Na sale wanalijua Upareni, au watadhani umewaletea majani ya ng'ombe?

#32 Mtani Namba Moja
Watalipokea, walichunguze, halafu wafungue kesi. Mpare anauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku.

#33 Binti wa Suji
Na Mchaga anahesabu sadaka kabla ya padre. Tuendelee?

#34 MC wa Kitambo
Nimeendesha harusi miaka kumi na tisa. Mnamlaumu mlinzi, mpishi, mjomba, hamumtaji MC mwenzangu. Katibu kasema MC alitaka ndafu aingie saa 1, baba kakataa. Alikuwa sahihi MC. Ndafu akishaiva hasubiri, kama vile maharusi wasivyosubiri. Ngozi ya juu inakauka, miguu inalegea kwenye waya, anainama. Ukimweka stoo kwa muda wa saa tatu, anayefungua mlango anakuta kitu kimelala chini kama mbuzi aliyefiwa.

Nimewahi kuona mara mbili wapambaji wakimwondoa ndafu kimyakimya kwa sababu ameharibika sura, wakatafuta mwingine wa kuazima. Wa kuazima akikosekana, wanakaa kimya. Hilo mlichunguze. Nani alimpamba?

#35 Katibu wa Kamati
Wapambaji walitoka Moshi, walimaliza wakaondoka saa 2 usiku, kabla umeme haujakatika. Wana gari la kubeba mizigo limefunikwa. Dah. Sikuwahi kuliwaza hilo gari.

#36 Jirani wa Illasit
Habari zenu majirani. Mimi niko huku ng'ambo ya mpaka, Illasit upande wa Kenya, na huwa nasoma tu. Usiku huo wa tarehe 28 kulikuwa na kijana hapa senta anauza nyama choma kwa karatasi, bei ya kutupa, na alikuwa ana haraka. Nilinunua. Ilikuwa mbuzi na ilikuwa na ndimu na tangawizi, na choma ya huku kwetu huwa ni chumvi tu. Sisemi ni yeye. Nasema ilikuwa tamu.

Wakili, huku Kenya Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema kwa ndoa ya kimila, mahali panapotakiwa mahari, sehemu kidogo tu ya mahari inatosha kuthibitisha. Hivyo hata kwato moja ingewatosha wakwe.

#37 Kijana wa Mamsera
Ndafu kavuka mpaka bila hati ya kusafiria, kavaa miwani.

#38 Mwenye Dhamana
Msicheke. Mimi naona kuna mkono wa mtu. Umeme kukatika saa hiyo hiyo, mafuta kukosekana saa hiyo hiyo, mlinzi kulala saa hiyo hiyo? Harusi za Desemba zina macho mengi. Mliombea ukumbi?

#39 Mwalimu Mstaafu
Umeme ulikatika kata nzima. Huyo mchawi ana bidii.

#40 Wa Harusi ya Pili
Nimesita sana kuandika.

Mimi nilikuwa kamati ya ile harusi nyingine, ukumbi wa chini, mita kama mia mbili kutoka kwenu. Sisi jenereta lilikuwa linawaka. Saa 3 kitu hivi, wakaingia vijana wawili mlango wa nyuma wamebeba ndafu, jasho linawatoka. Wakauliza, "Ndiyo kwa wakwe hapa?" Tukajibu ndiyo, maana wakwe walikuwepo. Wakaweka, wakapewa soda, wakaondoka.

Ndafu wetu tulishamkata saa 1. MC wetu ni mwepesi, akatangaza kwamba huyu wa pili ni zawadi ya wafanyakazi wenzake na bwana harusi. Makofi. Wafanyakazi wenzake walikuwa meza namba sita, wakasimama wakapunga mikono.

#41 Mla Kisusio
Wakasimama wakapunga mikono! Nimecheka mpaka mtoto kaamka.

#42 Katibu wa Kamati
Subiri. Subiri kidogo. Alikuwa na miwani?

#43 Wa Harusi ya Pili
Sikumbuki miwani. Nakumbuka kofia nyekundu ya Krismasi.

#44 Katibu wa Kamati
Wetu hakuwa na kofia. Rangi yake?

#45 Wa Harusi ya Pili
Mkuu, kachomwa. Rangi yake ilikuwa ya kuchomwa.

#46 Dereva wa Kosta
Kama ni saa 3, mimi niliwaona vijana wawili wanateremka na kitu kwenye shuka. Nikadhani ni spika. Walitokea juu, upande wenu.

#47 Wakili wa Kijiwe
Mbona hukusema mwanzo?

#48 Dereva wa Kosta
Hamkuniuliza. Mlikuwa mnabishana saa niliyofika.

#49 Mama Pilau
Mimi bado naamini jikoni. Vijana wawili wanaweza kuwa wa harusi ya tatu. Padre alikuwa na ndoa tatu siku ile, hamkusoma post ya kwanza? Mbili kabla yenu, na nyinyi. Ndafu wa nani alikosekana katika ile ya kwanza?

#50 Mwalimu Mstaafu
Hoja nzuri. Katibu alisema mbili mbele yao. Wa Harusi ya Pili, nyinyi mlikuwa wa ngapi kanisani?

#51 Wa Harusi ya Pili
Wa katikati. Ni sisi tuliosahau pete.

#52 MC wa Kitambo
Waliosahau pete wakapata ndafu wawili. Mungu hana upendeleo.

#53 Mtani Namba Moja
Narudi kwenye hoja yangu: watani walimchukua, wakampeleka ukumbi wa chini kwa makusudi ili Wachaga wakalishane wenyewe. Huo ndio utani wa daraja la juu.

#54 Binti wa Suji
Ungekuwa wetu tungeusimulia kanisani.

#55 Jirani wa Illasit
Kwa hiyo mimi nilikula nini?

#56 Kijana wa Mamsera
Wewe ulikula wa harusi ya kwanza. Tulia.

#57 Katibu wa Kamati
Mrejesho, wakuu. Siku tatu zimepita.

Nimeongea na mshenga. Amekiri "mbuzi wa aibu" ni neno lake, anasema alitafsiri hali ya mzee. Nimemwambia tafsiri yake itatoka mfukoni mwake. Baba amelainika kidogo baada ya kusikia habari ya kukaa nje baridini, hakuijua. Hajakubali kwamba ni dakika arobaini, amekubali ishirini. Baba mdogo ndiye atakayekwenda Suji Jumapili. Sale, asali lita tano, mbuzi mmoja hai. Nauli ni juu yangu, kamati imevunjwa na hakuna anayepokea simu.

Binamu mlinzi sasa anasema kuna saa "alifumba macho". Wapambaji wamenizuia kwenye simu. Shemeji wa mafuta karudisha elfu ishirini bila kuulizwa, na hilo limenitia wasiwasi zaidi kuliko yote.

Halafu jana dada yetu alikuwa anarudisha masufuria ya kuazima, akafungua lile la pilau kubwa. Chini kabisa, katikati ya vifuniko, kuna miwani ya jua. Ya msimamizi. Kioo kimoja kimepasuka.

#58 Mama Pilau
Nilisema mimi.

#59 Mla Kisusio
Mama Pilau kashinda, fungeni uzi.

#60 Wakili wa Kijiwe
Msifunge. Masufuria yalikaa wapi baada ya harusi?

#61 Katibu wa Kamati
Hapo ndipo ninaposhindwa kulala. Masufuria tuliyaazima kwa watu wa ukumbi wa chini. Usiku ule vijana wao walipanda kuchukua mawili ya wali saa 3, yakarudi kwetu asubuhi.

#62 Wa Harusi ya Pili
Mimi masufuria sihusiki. Nilikuwa kamati ya mapambo.

#63 MC wa Kitambo
Mapambo? Kwa hiyo ile kofia ya Krismasi uliiweka wewe?

#64 Wa Harusi ya Pili
Alikuwa kichwa wazi, jamani. Wageni walikuwa wanatazama.

#65 Dereva wa Kosta
Baba mdogo akitaka usafiri Jumapili anitafute. Mbuzi hai analipiwa kiti.